Wageni wa Jumapili Asubuhi

Sura ya Saba

"Amka, mwanangu! Amka usikie nilivyowamaliza!"

Mama aliingia chumbani bila kubisha hodi, ufagio mkono mmoja, akavuta pazia kwa mkono wa pili. Alikuwa na furaha ambayo haikuonekana usoni mwake tangu siku ile jina la bintiye liliposomwa redioni kwenye timu ya taifa.

"Umemmaliza nani, mama?" aliuliza Mita, jicho moja limefunguka, la pili bado linaubembeleza usingizi. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo kocha alimruhusu kulala mpaka achoke mwenyewe, na mapaja yake yalikuwa bado yanauma kwa mazoezi ya jana.

"Watu wa fundi wako. Wameondoka sasa hivi. Mikono mitupu! Hata chai yangu hawakuinywa."

Usingizi ukakatika. Mita akakaa kitako, akajifunika shuka mabegani, akaanza kucheka.

"Kweli walikuja? Mapema yote hii?"

"Hata sijamaliza kufagia nje! Nikasema, kumbe hawa wana haraka kuliko hata wewe uwanjani."

Hapa inabidi nieleze mambo yalivyokuwa, msije mkamwona mama huyu hana adabu kwa wageni.

Binti aliitwa Mita na mtaa mzima, kwa sababu ya mita mia nane alizozikimbia tangu akiwa shule. Mchumba wake alikuwa fundi wa vioo, na yeye akamwita Fundi tu, kwa sauti ambayo wengine humwita mtu mpenzi. Walikutana miaka miwili nyuma, alipokuja kuweka madirisha kwenye vyumba vya kubadilishia nguo pale uwanjani. Wasichana walitaka kuoga, naye alikuwa bado juu ya ngazi. Mita alimfokea ashuke. Fundi akafumba macho huko huko juu, akaanza kushuka kwa kupapasa, akakikosa kipandio cha mwisho na kuanguka chali. Hata alipokuwa sakafuni hakuyafumbua. Mita alicheka mpaka akakaa chini, na alipoacha kucheka alijikuta anavitazama vidole vya yule kijana, vyenye alama ndogo ndogo za kukatwa na vioo, na kutamani kuvishika. Ndivyo ilivyoanza.

Sasa Fundi alitaka kuoa. Shangazi yake aliyemlea alikwisha choka kusubiri, na hakupenda hata kidogo kwamba mkwe mtarajiwa alikuwa anakaribia miaka thelathini na bado anavaa kaptura mbele ya kamera. Mita hakukataa kuolewa. Alichoomba ni kusubiriwa mpaka mashindano ya dunia ya mwezi ujao yapite. Mara mbili aliwahi kufuzu na mara mbili akaachwa nyumbani na msuli uliochanika. Safari hii mwili ulikuwa mzima, muda wake ulikuwa wa tatu kwa ubora duniani mwaka ule, na kampuni ya viatu ilikuwa inasubiri tu aingie fainali ili imsainishe. Kwa mara ya kwanza maishani aliona kwamba kukimbia kungeweza kuwa kazi, kama ualimu au uuguzi, kazi ya kumlisha yeye na mama yake.

"Wazee wangu wanakuja kujitambulisha tu," Fundi alikuwa amemwambia Ijumaa, akikwepa macho yake. "Jumapili, asubuhi na mapema. Nimeshindwa kumzuia shangazi."

Mita alimfahamu shangazi. Yule hakuwa mtu wa kuja kujitambulisha, alikuwa mtu wa kuja na tarehe ya harusi mkononi. Ndiyo maana Jumamosi jioni, nusu utani nusu kweli, alimwambia mama yake: "Wakija, mimi sipo. Sema lolote utakalo."

Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa na binti mkubwa ambaye mbio zake zilimzidi hata Mita. Alipoolewa, mumewe alimwomba apumzike msimu mmoja tu. Msimu huo ulikuwa na watoto watatu ndani yake. Mama alifua mashuka ya hospitali kwa miaka mingi mpaka kucha zikalainika ili kuwanunulia mabinti wote wawili viatu vya misumari, na aliapa kwamba huyu wa pili hatampoteza kwa mtindo ule ule.

"Haya, nieleze vizuri," Mita alisema, akimkaribisha mama kitandani. "Shangazi mwenyewe alikuwepo? Yule mnene, mwenye miwani?"

"Mnene hakuwepo. Alikuja mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa cha bluu kichwani, na mwanamume mmoja wa makamo. Shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa. Watu wastaarabu kwa kweli, sitawaonea."

"Mwembamba? Labda ni mama yake mdogo."

"Labda. Wakanisalimia vizuri, wakasema wanakutaka wewe. Nikawauliza, nyinyi ni akina nani na mnamtakia nini? Wakasema ni jambo la kwako wewe na wao, hawaruhusiwi kumweleza mtu mwingine. Nikacheka moyoni. Nikasema, ahaa, na aibu mnayo!"

"Ukawaambiaje?"

"Umesafiri. Tangu juzi. Nikatia na chumvi kidogo, nikasema hata mimi mama yako sijui utarudi lini."

Mita alicheka akaangukia mto. "Mama, wewe ni hatari!"

"Subiri, hujasikia bado. Wangeondoka hapo ningefurahi hivi? Waliganda! Wakasema watakungoja. Basi, kwa kuwa sikulelewa ovyo, nikawatolea viti viwili. Nikaleta chai. Hawakuigusa. Kila baada ya muda yule bwana anainuka, anagonga mlango kwa adabu, anarudi kukaa. Gonga tu, baba, nilimwambia moyoni. Ufunguo ninao kifuani. Nikaanza kufagia miguuni mwao, vumbi likawapanda mpaka magotini, na wao wamekaa tu, wanatazama saa."

Mita aliacha kucheka, ingawa tabasamu lilikuwa bado halijaondoka.

"Wanatazama saa?"

"Sana. Utadhani wanasubiri treni."

"Mama, walibeba nini?"

"Mwanamke alikuwa na begi kubwa mgongoni. Nikadhani ni zawadi zako. Na kiboksi cheupe, kile cha kubebea vitu vya baridi."

"Simu yangu iko wapi?"

Mama hakusikia. Alikuwa amefika pale alipopapenda zaidi. "Wakati wa kuondoka mwanamke akaniuliza jina langu. Nikampa yote matatu! Nikamwambia andika, mama, andika, ukamwonyeshe aliyekutuma!"

"Mama. Simu yangu iko wapi?"

"Jikoni, kwenye sufuria kubwa. Niliichukua jana ulipolala, huyo kijana wako asije akakuamsha. Kuna nini? Mbona umekuwa hivyo?"

Mita alikuwa amekwisha toka. Alifunua sufuria, akaitoa simu. Sauti ilikuwa imezimwa. Palikuwa na simu moja iliyopigwa bila kupokewa, kutoka namba asiyoijua, dakika chache kabla ya saa moja asubuhi. Alishika ukingo wa meza ya jikoni kwa mikono miwili, akabaki hapo.

Mkimbiaji aliyefikia daraja lake hatakiwi tu kuwa safi. Anatakiwa apatikane. Kila siku ya mwaka, hata ya mapumziko, hata ya msiba, anatangaza mapema saa moja na mahali pamoja ambapo wapimaji wa dawa za kuongeza nguvu wanaweza kumkuta bila taarifa, wakachukua mkojo na damu. Mita alichagua nyumbani kwao, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo mtu wa mazoezi huwa hajatoka. Wapimaji wakija wasikuone, unaandikiwa kosa. Makosa matatu ndani ya miezi kumi na miwili, unafungiwa miaka miwili, hata kama hukukutwa na dawa yoyote mwilini.

Yeye alikuwa na mawili. La kwanza, kambi ilihamishwa ghafla naye akasahau kubadilisha anwani. La pili, alilala kwao Fundi, chumba kimoja na binamu zake, usiku wa harusi ya dada wa Fundi, na katika furaha ile hakukumbuka kitu chochote duniani.

Mama alimfuata jikoni. Alimtazama bintiye, akaitazama ile simu, na taratibu rangi ikaanza kumtoka.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Wapimaji si ninawajua? Si Mama Chupa?"

Mama Chupa lilikuwa jina walilompa mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa aliyekuwa akija na vichupa vyake miaka yote. Alikuwa kama mtu wa nyumbani. Mama alikuwa akimwekea akiba ya maandazi.

"Ningemwona Mama Chupa ningekuamsha hata kwa maji ya baridi," mama aliendelea, sauti inapanda. "Hawa hawakuwa Mama Chupa! Hawa walikuwa watu wa posa! Kwa nini hawakusema? Mtu mzima anakuja nyumbani kwa mtu, anaulizwa wewe ni nani, anasema ni siri! Kwa nini hawakusema?"

"Hawaruhusiwi, mama."

"Basi wapigie. Waambie warudi. Mimi nitawaomba radhi, nitapiga magoti. Uko hapa! Si uko hapa? Waje wachukue mkojo wote wanaoutaka!"

Mita alipiga ile namba. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Halafu akampigia kocha.

Kocha alikuwa mzee mkavu, asiyesifu na asiyefoka, na Mita alimpenda kwa hilo. Alisikiliza hadithi yote bila kuikatiza.

"Ulikuwa ndani?" aliuliza mwishoni.

"Nilikuwa chumbani, kocha. Nimelala. Nakuapia."

"Mimi nakuamini. Lakini hawakukuona."

"Mama atakuja kueleza. Ataeleza kila kitu."

"Binti, mama yako ndiye aliyesema umesafiri. Wameandika na jina lake." Akakohoa. "Utaandika maelezo. Watayasoma, nitakusaidia kuyapanga. Halafu watauliza swali moja tu: nani alimwambia mama aseme hupo? Utajibu nini?"

Mita aliitazama ile sufuria iliyo wazi.

"Basi," alisema kocha kwa upole ambao hakuwahi kuusikia kwake, na upole huo ndio uliomtisha kuliko yote. "Kesho usije uwanjani. Mpaka watakapotuita. Nitawaambia wenzako una mafua."

Alipokata simu, Mita alimkuta mama amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, ufagio mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mimi," alisema. "Ni mimi, kwa mikono yangu hii hii."

"Ni mimi niliyekwambia, mama."

"Wewe ulitania. Mimi ndiye niliyefanya."

Mita alitaka kumkasirikia. Kwa kweli alijaribu. Aliitafuta hasira mahali pote inapokaa na hakuikuta, kwa sababu mwanamke aliyekaa pale chini alikuwa amesimama mlangoni saa nzima na ufagio akimlindia mbio zake. Angemfokea kwa lipi? Alikaa kando yake kwenye sakafu ya baridi, wakashikana mikono kama watu waliokaa kwenye korido ya hospitali wakingoja daktari atoke.

*

Fundi alifika adhuhuri, anapiga mluzi.

Alikuwa amevaa shati la bluu ambalo Mita alimnunulia, na usoni alikuwa na ule uchangamfu wa mtu aliyebeba habari njema na hawezi kuzihifadhi mpaka aingie ndani. Alimkuta Mita kwenye viti viwili vya nje, amekalia kimoja. Hakugundua hata kidogo kwamba alikuwa amelia.

"Bingwa wangu! Nimekuletea zawadi. Shangazi amevimba mguu! Namwombea apone, Mungu anisamehe, lakini hawaji tena leo. Hawakutoka hata nyumbani. Wamesogeza mbele." Akacheka, akavuta kiti cha pili. "Nilikupigia tangu saa tatu kukwambia, hupokei. Nikajua bado umeninunia. Haya, ninunie, lakini ujue nimekuja kwa miguu jua lote hili."

"Hawakutoka nyumbani," alisema Mita.

"Hata mlangoni hawakufika." Ndipo alipomtazama. Tabasamu likamtoka. "Mita? Kuna nini? Nani amekufanya nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, kwa sauti moja, akitazama miguu yake mwenyewe. Fundi alisikiliza huku mkono umefunika mdomo. Alipofika kwenye neno la miaka miwili, Fundi aliinuka, akatembea mpaka getini, akarudi, akasimama.

"Nitakwenda mwenyewe ofisini kwao. Nitawaambia ni mimi. Mimi ndiye niliyesema wazee wanakuja, mimi nimeanzisha yote. Wanifungie mimi!"

"Wakufungie kukata vioo?"

"Usinitanie sasa hivi."

"Sikutanii, Fundi. Nakuuliza. Utawaambia nini ambacho hakitakuwa kibaya zaidi? Kwamba mchumba wangu alinitumia wazee wakati nimemwomba asubiri, nami nikajificha uvunguni kama mwanafunzi?"

"Nilishindwa kumzuia shangazi!"

"Ulijaribu?"

Fundi aligeukia geti. Upepo ulipeperusha shati lake, na Mita, katikati ya balaa lake lote, aliona kwamba kifungo cha pili kimelegea na kwamba angependa kukishona. Alijichukia kwa kuliona hilo.

"Nijibu. Ulijaribu?"

"Nilisema mara moja," alikiri Fundi. "Kwa sauti ndogo. Wewe hujui kukaa mezani na shangazi. Kila siku ananiuliza, huyo mwanamke anakupenda wewe au anaipenda saa yake ya mkononi? Na mimi sina jibu, Mita. Miaka miwili nakusubiri. Nasubiri msimu uishe, msimu ukiisha nasubiri jeraha lipone, likipona nasubiri kambi. Nakuona Jumapili moja, wiki tatu sikuoni. Nikikushika mkono unaangalia kama umechelewa kulala. Mimi ni mtu, si kiti cha uwanjani."

"Niliomba mwezi mmoja."

"Kila mara huwa ni mwezi mmoja."

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimwingia. Akainamisha kichwa. Fundi alipoona hivyo hasira ikamtoka yote mara moja, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akavishika viganja vyake kwa vile vidole vyenye alama. Walitazamana. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mita aliyapenda macho yale hata sasa, aliyapenda kuliko alivyoweza kusema, na kama angeombwa wakati ule ule kuchagua, asingejua aanze wapi.

"Nisikilize," alisema Fundi taratibu. "Miaka miwili si milele."

"Nina ishirini na tisa."

"Utarudi na thelathini na moja."

"Nikirudi nitakuta wasichana wa miaka kumi na tisa ambao leo wako nyuma yangu mita mbili tu. Hakuna kampuni itakayoninunulia viatu. Hata jina langu watakuwa wanalitaja kwa kunong'ona. Mtu akifungiwa, Fundi, hakuna anayeuliza alifungiwa kwa nini. Watasema alitumia dawa. Mtoto wa jirani hapa atasema nilitumia dawa."

"Mimi nitajua hukutumia."

"Wewe peke yako."

"Mimi na wewe. Na mama." Akavikaza viganja vyake. "Na labda... sikiliza kwanza, usikasirike. Labda miaka hii miwili ndiyo nafasi yetu. Tuoane. Upumzike. Tupate mtoto, ukitaka. Nyumba yangu ina madirisha mazuri kuliko ya mtaa wote, wewe mwenyewe ulisema. Utaishi kama mtu, hutaamshwa na watu wa mkojo. Kisha ukitaka kurudi, nitakushikia saa mimi mwenyewe. Nakuahidi."

Alisema yote hayo kwa huruma, na hakuna neno hata moja lililokuwa baya. Lakini Mita hakuwa anasikiliza maneno. Alikuwa anamtazama usoni. Ndani ya huruma ile, nyuma ya machozi yale ya kweli, palikuwa na kitu kingine kilichojaribu kujificha kisiweze. Kilimlegeza mabega. Kilimnyanyua kidogo kona za mdomo, kidogo tu, na yeye mwenyewe pengine hakujua.

"Fundi," alisema. "Umefurahi?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Umefurahi?"

"Mita, unaniuliza swali gani? Nimekuona unalia na..."

"Nitazame. Usinidanganye. Leo nikidanganywa na mtu mmoja zaidi sijui nitafanya nini. Umefurahi?"

Fundi alitazama pembeni, kisha akarudi kumtazama. Angeweza kusema hapana. Wanaume wengi wangesema hapana na kuapa juu yake, na jambo lingepita, na wangeoana. Lakini huyu alikuwa yule yule aliyeanguka kutoka kwenye ngazi bila kufumbua macho. Hakujua kudanganya.

"Kidogo," alisema.

Neno lilitoka kama pumzi tu. Akaficha uso magotini pa Mita, akaanza kulia kwa sauti. "Nisamehe. Nisamehe, mpenzi wangu. Nilipokuwa nakusikiliza, kabla ya uchungu kilikuja kwanza hicho. Sikukiita. Kilikuja chenyewe. Nikasema, basi sasa atakuwa wangu. Nisamehe."

Mita aliweka mkono juu ya kichwa chake. Nywele zilikuwa na vumbi la njiani. Aliuacha mkono pale muda mrefu, akimpapasa kama mtu anavyompapasa mgonjwa.

"Asante," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa kutonidanganya. Sasa nenda nyumbani."

Akainua uso. "Umenikataa?"

"Sijui. Sina nguvu ya kukukataa wala ya kukukubali. Leo nenda tu."

"Nirudi lini?"

"Sijui, Fundi."

"Kesho?"

"Sijui! Nimekwambia sijui!" Ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti tangu asubuhi. Ilimtoka ikapasuka katikati. "Nakupenda, na hilo halinisaidii kitu. Mama ananipenda, angalia alichonifanyia. Kocha ananipenda, ameniambia nisiende uwanjani. Natafuta mtu mmoja tu wa kumchukia nipumue, simpati. Nenda!"

Fundi alisimama. Alitaka kumkumbatia, mikono ikanyanyuka, ikashuka yenyewe. Mita alimpita akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake na kusimama nyuma yake, paji la uso kwenye mbao. Moyo ulikuwa unakwenda kama wa mita mia mbili za mwisho, na hapakuwa na mstari wa kumalizia.

Alisubiri kusikia geti likifungwa. Badala yake akasikia ndara za mama zikitoka jikoni, zikipita sebuleni, zikienda nje kwa haraka.

"Kijana," mama aliita. "Wewe, kijana. Ngoja kwanza."

Miaka miwili mama hakuwahi kumwita Fundi kwa jina lolote zaidi ya hilo, na hakuwahi kumkaribisha kupita pale penye viti vya nje. Mita aliinua kichwa. Akawaza, anakwenda kumfukuza, na kwa kweli kitu ndani yake kikapata nguvu kidogo. Angalau mama. Mama bado alikuwa upande wake, mama angesimama getini na kumwambia yule kijana kwamba binti yangu hajamaliza, rudi kwenu, hapa bado tunapigana.

"Nimesikia yote," sauti ya mama ilisema. Ilikuwa imechoka, ndogo, sauti ya mwanamke aliyezeeka tangu asubuhi. "Usimwache. Nakuomba. Mimi nimemvunjia maisha, sina tena cha kumpa. Mimi ni mzee, nikifa atabaki na nani? Usimwache kwa maneno yale, ana uchungu tu."

"Mama, amesema niende."

"Nitazungumza naye mimi. Atanisikia. Mwambie shangazi yako waje." Mita akasikia anavuta kiti. "Waje hata kesho. Nitawapokea kwa mikono miwili. Karibu ndani, mwanangu. Karibu, ukae."

Mwanangu. Mita alilisikia vizuri. Alishika kitasa ili atoke, awaambie wote wawili hapana, apige kelele mtaa mzima umsikie. Kitasa kilikuwa mkononi. Hakuweza kukizungusha. Kupitia mbao za mlango alisikia viatu vya Fundi vikipita sebuleni, taratibu, kwa adabu, na mama akimuuliza kama amekula.